Anayehama Aache Ufunguo

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya mbio za magari iliyoingia sokoni Desemba 2014. Kwa miaka tisa na ushei watu walikuwa wakiendesha magari ndani ya Marekani iliyopunguzwa vipimo, kutoka New York mpaka Los Angeles, wakipita milima, majangwa na miji mikubwa. Kampuni yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba wachezaji wamepita milioni 12. Siku hiyo barabara zote zikafungwa kwa pamoja. Aliyenunua gemu kwa njia ya mtandao na aliyenunua diski dukani walijikuta katika hali moja: gemu inawaka, inaitafuta seva, haiipati, inagoma. Wiki chache baadaye baadhi yao wakakuta hata leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Kinachokifanya kisa hiki kiwe kizito ni kwamba The Crew ilikuwa na hadithi yake, ambayo mtu angeweza kuicheza peke yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kukutana na mchezaji mwingine hata mmoja. Mchezaji huyo wa peke yake hakuhitaji mwenzake. Alihitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa imekatwa.

Gemu ya mtandaoni ni kitu chenye nusu mbili. Nusu ya kwanza hukaa kwa mchezaji, kwenye simu, kompyuta au mashine yake ya gemu: humo mna picha, sauti, ramani, magari, sura za wahusika. Nusu ya pili hukaa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mbali. Seva ndiyo refa na ndiyo karani. Hupokea taarifa za kila mchezaji mara nyingi kwa sekunde, hupima nani yuko wapi, risasi imempata nani, nani kafika wa kwanza, kisha huwajulisha wote. Tena hutunza daftari la kila akaunti, lenye ngazi aliyofikia mtu, silaha zake na fedha zake za mchezoni. Kazi hiyo hula umeme, mashine na watu wa zamu. Lakini gemu hazitegemei seva kwa kiwango kimoja. Kwenye zile za watu mia wanaopigana kisiwani, ambazo vijana wengi wanazijua kupitia simu zao, seva hubeba mzigo wa kweli, na bila refa hakuna mchezo. Kwenye gemu nyingine, sehemu kubwa ya kazi ya seva ni kukagua tiketi mlangoni. Kibiashara zote huitwa gemu za mtandaoni, na hapo ndipo mnunuzi anapopotezwa, kwa sababu zote zikizimwa huambiwa zimefikia mwisho wao, ilhali nyingine zilikuwa na uhai kamili na kilichokosekana ni mkagua tiketi.

Mgawanyo huu ni jambo jipya katika historia ya michezo. Fundi anayechonga bao analiuza na kwenda zake. Akihama mji, akifa, hata akigombana na aliyemuuzia, kete zinaendelea kutembea mashimoni. Vibanda vya PlayStation katika mitaa ya Afrika Mashariki viliendeshwa kwa msingi uleule: diski ya mpira ya msimu uliopita, na ya msimu kabla yake, ilichezwa maadamu mashine inawaka na padi hazijaharibika, bila kujali kama walioitengeneza wanaikumbuka bado. Hata gemu za mwanzo za mtandaoni zilikuwa hivyo. Quake ya mwaka 1996 iliwapa wachezaji programu ya seva. Mkitaka kupambana, mmoja wenu aliwasha seva kwenye kompyuta yake na wengine wakaingia. Counter-Strike ilifuata njia hiyo, na Minecraft inaifuata mpaka leo. Ndiyo maana huduma ya GameSpy, iliyokuwa ikiwakutanisha wachezaji wa mamia ya gemu, ilipofungwa tarehe 31 Mei 2014, gemu zenye seva zilizokuwa mikononi mwa wachezaji, kama Battlefield 1942, zilitikisika tu. Watu walitengeneza orodha nyingine ya seva na mchezo ukaendelea. Kwa hiyo gemu kutegemea mlango mmoja wa kampuni moja ni uamuzi wa biashara uliofanywa na watu, na watu wanaweza kuuamua upya.

Ninachokitetea ni hiki: kampuni ina haki ya kuacha kazi, lakini haina haki ya kuondoka na kitu ilichokwisha kukiuza. Mambo haya mawili huchanganywa kila gemu inapozimwa. Kusitisha huduma ni jambo moja, na hakuna anayeweza kumlazimisha mtu afanye biashara isiyolipa. Kuhakikisha kwamba hakuna mwingine atakayeiendeleza ni jambo la pili, na hilo ni unyang'anyi hata kama limeandikwa kwa lugha ya upole. Anayefunga seva aache nyuma toleo linalochezeka bila mtandao. Kama gemu haiwezekani bila seva, aache programu ya seva ili wenye kuipenda waiendeshe kwa gharama zao. Na kama hata hilo limemshinda, basi angalau asiwapelekee mawakili wale wanaojaribu kuijenga wenyewe.

Pingamizi la kwanza ni la pesa, na nusu yake ni kweli. Gemu iliyobakiwa na wachezaji elfu mbili haiwezi kulipa mishahara ya wahandisi. Lakini wanaolalamika hawadai seva ziwake milele. Kampeni ya Stop Killing Games, aliyoianzisha Mmarekani Ross Scott mwezi Aprili 2024 kwa sababu ya The Crew, inaomba gemu iachwe katika hali ya kuchezeka siku huduma inapokoma. Hiyo ni kazi ya mara moja, na waliokwisha kuifanya wapo. Studio ya Velan ilipoona gemu yake ya kurushiana mipira, Knockout City, haijimudu tena, ilizima seva tarehe 6 Juni 2023 na kuacha toleo la bure la kompyuta ambalo kila mtu anaweza kulianzishia seva yake. Mfano wa Redfall unanigusa zaidi. Gemu hiyo ilipokewa vibaya sokoni, na Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio iliyoitengeneza, Arkane Austin. Wafanyakazi waliokwisha kujua kwamba hawana kazi walizitumia siku zao za mwisho kuipa gemu yao namna ya kuchezwa bila mtandao. Hawakuwa na bajeti mpya wala soko la kulitetea. Walikuwa wakifungasha mizigo, na bado waliuacha ufunguo. Baada ya mfano kama huo, kampuni yenye mapato ya mamilioni inaposema haiwezi, ninaelewa kwamba haikupanga.

Pingamizi la pili ni la mawakili: mnunuzi hakununua gemu, alinunua leseni ya kuitumia, na masharti aliyoyakubali yalisema inaweza kuondolewa. Ubisoft ilijibu hivyo iliposhtakiwa Novemba 2024 na wachezaji wawili wa California. Mahakama zitasema zinavyoiona sheria. Kwa mtu wa kawaida, hoja hiyo haifanani na makubaliano yoyote anayoyajua. Anayepanga chumba anajua amelipia miezi mingapi. Anayelipia king'amuzi anajua kifurushi kinakatika lini. Tiketi ya basi ina tarehe. The Crew iliuzwa kwa bei kamili, ndani ya kasha, na muda wake wa kuishi haukuandikwa popote. Iliuzwa kama mali, ikaja kuhesabiwa kama pango siku ya kufunga. Jimbo la California lenyewe liliona tatizo na kupitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, kwamba duka la bidhaa za kidijitali lisitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni. Ni hatua nzuri, ila inasahihisha bango la duka na kuiacha bidhaa vilevile. Mtu anayetangaziwa mapema kwamba ataporwa bado ataporwa.

Wapo wanaosema aliyecheza miaka tisa ameshapata thamani ya pesa yake. Huenda ni kweli kwa aliyenunua 2014. Yule aliyenunua 2023, miezi michache kabla gemu haijaondolewa madukani Desemba, aliishi na mali yake muda gani? Sony ilipoizima Concord tarehe 6 Septemba 2024, wiki mbili tu tangu itoke, ilirudisha fedha zote, ikakiri kwa vitendo kwamba kuna kitu wateja walikuwa wamenyang'anywa. Ubisoft nayo iliwarudishia waliokuwa wamenunua karibuni. Mstari kati ya anayestahili kurudishiwa na asiyestahili ukawa unachorwa na muuzaji peke yake, baada ya mauzo.

Pingamizi zito kuliko yote, na ambalo watetezi wa wachezaji hulipita haraka mno, linahusu vitu visivyo mali ya kampuni inayofunga. Ndani ya gemu ya magari mna majina na maumbo ya magari halisi, kama Ferrari na Ford, yanayotumika kwa mikataba yenye muda. Mna muziki wa wasanii wengine. Na ndani ya programu ya seva mna vipande vilivyokodiwa kutoka kampuni nyingine, ambavyo mwenye gemu hana ruhusa ya kuvigawa. Ubisoft yenyewe ilitaja miundombinu ya seva na masharti ya leseni kuwa sababu za kuifunga The Crew. Hili siwezi kulipuuza, na linanifanya nikubali kwamba sheria inayorudi nyuma na kuibana kila gemu ya zamani ingekuwa dhuluma. Lakini linatoa pia njia ya mbele. Mikataba huandikwa na watu, na anayejua tangu siku ya kwanza kwamba atatakiwa kuacha ufunguo atakodi vipande vinavyoachika, kama vile mjenzi anayejua atahamishwa kiwanjani asivyomwaga zege pale panapotosha mbao. Kuhusu mikataba ya magari, muda wake ukiisha hukoma haki ya kuendelea kuuza. Haiwi lazima kwenda kukomba kilichokwisha kuuzwa majumbani.

Umoja wa wachapishaji wa Ulaya, Video Games Europe, uliongeza Julai 2025 kwamba seva za watu binafsi hazina ulinzi wa data za wachezaji wala uwezo wa kuondoa maudhui haramu, na kampuni zinaweza kubeba lawama. Data jibu lake ni jepesi, kwani daftari la akaunti halihitaji kukabidhiwa kwa yeyote. Linafutwa, na watu wanaanza upya. Kuhusu lawama, anayewasha seva ndiye anayeijibia, kama mwenye kibanda anavyojibia yanayotokea kibandani kwake. Minecraft imeishi na seva za watu binafsi kwa zaidi ya muongo mmoja, nyingi zikiwa za watoto, na haijalazimika kuzimwa kwa ajili hiyo.

Nyuma ya sababu hizi kuna nyingine isiyosemwa kwa sauti: gemu ya zamani ikiendelea kuchezeka inashindana na mpya. Yaliyoipata Blizzard, kampuni yenye gemu ya World of Warcraft, yanaonyesha kwamba hofu hiyo inaweza kuwa hasara kwa mwenye nayo. Mwaka 2016 barua ya mawakili wake iliilazimisha Nostalrius, seva ya hiari iliyokuwa ikirudisha World of Warcraft ya miaka ya mwanzo, ifunge. Ombi la kupinga lilikusanya saini zaidi ya laki mbili. Agosti 2019 Blizzard yenyewe ikatoa World of Warcraft Classic, yaani kitu kilekile ambacho mashabiki walikuwa wakikiendesha, na watu wakajipanga foleni za saa nyingi kuingia. Mashabiki walikuwa wamelifanyia soko utafiti wa bure.

Anayetaka kujua kinachopotea gemu ikizimwa aiangalie City of Heroes. Ilianza tarehe 28 Aprili 2004 chini ya NCSoft ya Korea Kusini, na sifa yake ilikuwa kwamba kila mchezaji anajiundia shujaa: sura, mavazi, nguvu, jina, hata maelezo mafupi ya maisha yake. Watu walitengeneza mashujaa kadhaa kila mmoja, wakaanzisha vikundi, wakapeana miadi ya jioni fulani kila wiki. Tarehe 31 Agosti 2012 ilitangazwa kwamba gemu itafungwa, na studio yake, Paragon, ikavunjwa siku hiyohiyo. Wachezaji waliandika ombi lenye saini zaidi ya elfu ishirini. Waliwakusanya mashujaa wao katika mtaa wa Atlas Park, mahali ambapo wageni wengi wa gemu hiyo walikuwa wakianzia safari, wakasimama na mienge mikononi. Haikusaidia. Tarehe 30 Novemba 2012 seva zilizimwa wakiwa bado wamo ndani, wakiagana. Hapo kulikuwa na mali za aina mbili: majengo na programu, ambavyo ni vya NCSoft bila ubishi, na mashujaa, majina, urafiki na desturi za vikundi, ambavyo hakuna mfanyakazi wa NCSoft aliyevitengeneza. Swichi ilikuwa moja.

Kisha ikajulikana, Aprili 2019, kwamba kundi dogo lilikuwa likiendesha seva ya siri kwa miaka kadhaa. Kulikuwa na hasira nyingi kwa waliofichwa, halafu programu ikawekwa hadharani na seva zikachipuka. Kubwa kati yake, Homecoming, haikuuza kitu. Iliishi kwa michango ya wachezaji. Januari 2024 NCSoft iliipa leseni rasmi. Miaka kumi na moja ilipita kabla kampuni haijaruhusu jambo ambalo halikuigharimu chochote, na katika miaka hiyo wengi walilazimika kuwaunda upya mashujaa wao kwa kukumbuka, wengine wasirudi kabisa. NCSoft haikufilisika kwa kuruhusu. Ingeweza kuruhusu siku ya kwanza.

Atakuwepo wa kusema kwamba hii ni michezo tu, dunia ina mambo. Vizazi vilivyotangulia vilisema hivyo kuhusu ngoma na hadithi za jioni, na leo watafiti wanahangaika kuokota mabaki yake. Utendi wa Tambuka umetufikia katika hati ya Pate yenye mwaka 1728. Dola ya Pate imeanguka na sehemu kubwa ya mji huo ni magofu, lakini utenzi tunao kwa sababu ulinakiliwa kwa mikono ya watu ambao hawakuutunga, na pwani ya Lamu ilikuwa na wanakili mahodari kama Muhamadi Kijumwa, ambaye kazi yake imehifadhi tungo nyingi za wengine. Hebu fikiri mtunzi angekuwa na uwezo wa kufuta kila nakala siku sultani aliyemlipa alipoishiwa. Uwezo huo haukuwahi kuwepo kwa kazi yoyote ya sanaa, na sasa upo kwa gemu. Hata gemu zisizohitaji seva zinapotea: taasisi ya Video Game History Foundation ilipochunguza mwaka 2023 ilikuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani kwa njia halali. Na mwaka 2018 Marekani ilipozipa maktaba na makumbusho ruhusa ya kufufua gemu za seva, iliweka masharti kwamba zichezwe ndani ya jengo tu na kwamba programu ya seva iwe imepatikana kihalali. Programu hiyo anayo nani? Kampuni ileile iliyoizima.

Mwezi Julai 2025 ombi la wananchi wa Umoja wa Ulaya kuhusu suala hili lilivuka saini milioni moja, idadi inayoilazimu Tume ya Ulaya kulijibu rasmi. Serikali ya Uingereza, iliyopokea ombi la namna hiyohiyo, ilisema haina mpango wa kubadili sheria ya walaji. Ubisoft nayo, baada ya ghadhabu ya The Crew, iliahidi Septemba 2024 kwamba gemu mbili zilizofuata katika mfululizo huo zitapewa namna ya kuchezwa bila mtandao, na kwa The Crew 2 imeshatimiza. Magari yake ni ya kampuni zilezile na barabara zake zinapita Marekani ileile. Ile ya kwanza imefufuliwa Septemba 2025 na mashabiki, kupitia mradi wa The Crew Unlimited, waliochunguza jinsi gemu ilivyokuwa ikizungumza na seva na kujenga seva nyingine inayojua kuijibu. Mtu aliyetunza nakala yake anaweza kutoka tena New York na kuelekea magharibi.